Dawa ya Jitimai Haiachwi Ghafla

Kila mwaka, siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi mtukufu wa Ramadhani, mabaraza yetu ya Mji wa Kale hujaa watu walioshika vipaji vya nyuso. Si njaa, wala si kiu. Ni kahawa. Mtu aliyezoea vikombe vyake vitano vya kahawa chungu tangu alfajiri hadi baada ya isha, akikatizwa ghafla na saumu, hupigwa na kichwa kinachomfanya amchukie hata anayemtolea salamu. Wazee waliokwisha kuonja adhabu hiyo hawangoji iwafike mara ya pili. Tangu katikati ya Shaabani huanza kupunguza kikombe kimoja kimoja, na mwezi unapoandama wao hawana habari ya kichwa.

Hapana hata mmoja wetu anayesema kwamba mzee mwenye kichwa cha kahawa amepagawa, au kwamba maradhi fulani yamemrudia, au kwamba yeye ni mlevi asiyefaa kukaa na watu. Sote twajua kwamba mwili umezoea kitu, kitu kimeondoka, na mwili unalalamika. Kwa kawaida kichwa hicho huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na huweza kuendelea kwa siku 2 hadi 9. Kisha hutulia chenyewe.

Nimeanza na kahawa kwa makusudi, wasomaji wapenzi, kwa sababu nataka tuzungumze leo juu ya kitu kingine ambacho mwili hukizoea vivyo hivyo, lakini ambacho hakizungumzwi barazani wala ukumbini. Navikusudia vidonge ambavyo madaktari huwapa watu waliozidiwa na huzuni, na yale yanayompata mtu siku anapotaka kuviacha.

Lugha yetu si maskini wa maneno ya huzuni. Tuna majonzi, simanzi, ghamu, kihoro na jitimai, na mswahili aliyelelewa vyema hayachanganyi. Kihoro ni cha aliyeshtukizwa na msiba. Jitimai, kwa masikio yangu mimi, ni huzuni iliyohamia, ikatandika kitanda, isitake kutoka. Siku hizi katika vitabu na redio utasikia pia sonona na unyogovu. Lakini kwa hali ya mtu anayeacha dawa ya jitimai sisi hatuna neno letu, na pengo hilo limezibwa na neno la vichochoroni: arosto. Neno hili, kama wengi wanavyojua, ni la wale vijana wetu waliotekwa na unga, wanapokosa kete yao wakawa wanatetemeka na kujikunyata vibarazani. Ukimtamkia mtu mzima neno arosto umemwita teja. Neno hilo moja lilimfanya shangazi yangu asiseme na mtoto wa ndugu yake kwa muda wa siku tatu, na kisa hicho nitakieleza kwa ruhusa yake. Jina lake litabaki nyumbani kwake.

Shangazi ni fundi wa kofia. Alijifunza Lamu alipokuwa mtoto, akaja Mombasa kuolewa, na kwa miaka zaidi ya 40 watu wamekuwa wakimletea vitambaa vyeupe awashonee kofia zile za tundu ndogo ndogo ambazo kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kofia moja ikamaliza miezi. Alipofiwa na mwanawe wa pekee, sindano aliiweka chini. Eda ya mume anaijua, alikwisha kukaa moja. Lakini huzuni hii haikuwa na hesabu ya siku. Hakula, hakulala, hakujibu anaposemeshwa. Alisomewa, akanyweshwa makombe, akaletewa jamaa kutoka Lamu. Hatimaye bintiye wa kambo akamchukua kwa daktari, naye akampa sitalopramu, miligramu 20 kila siku, pamoja na kumtaka aende akazungumze naye kila baada ya majuma mawili. Haikupita miezi miwili, sindano ilirudi mkononi.

Alimeza vidonge hivyo kwa miaka minne. Katika mwaka wa nne, siku tatu kabla ya Ramadhani, jirani mmoja alimwambia kwamba dawa zile ni "unga wa hospitali", na kwamba azitumiaye ni mtumwa wazo. Shangazi ni mtu wa heshima zake. Alitaka kuufunga mwezi ule akiwa hana kitu cha kumshikilia. Akavifunga vile vidonge katika leso, akavitia mtungini, akanyamaza.

Siku ya kwanza ya saumu haikuwa na neno. Siku ya pili kichwa kilimzunguka, na sote tukasema ni kahawa. Siku ya nne yalianza mambo ambayo kahawa haina. Alisema kila anapogeuza macho upesi husikia mshtuko wa umeme ndani ya kichwa, "kama mtu aliyeshika waya wa taa kwa kidole kilichorowa", na sauti ya kitu kinachopita puu! Akiinuka kutoka katika sijida ya tarawehe ardhi ilikwenda mrama kama jahazi. Usiku aliota ndoto zenye rangi kali mno hata akaogopa kulala. Alilia akikoroga tambi za futari, na alipoulizwa analilia nini, hakuwa na jibu. Jasho lilimtoka. Mkono ulimtetemeka akashindwa kutunga uzi.

Ilipofika siku ya tisa nyumba ilikuwa imegawanyika makundi mawili. Wa kwanza walisema maradhi yamerudi, naye hatayaepuka maishani mwake. Wa pili walisema ni upepo umempata na kwamba atafutwe wa kuupunga. Ndipo kijana wetu mmoja, mwenye umri wa miaka 19, akacheka akasema, "Shangazi ana arosto huyo." Alidhani hasikiwi. Alisikiwa.

Nieleze sasa yaliyokuwa yakipita ndani ya kichwa cha Shangazi, kwani makundi yote mawili yalikosea, na yule kijana alikosea zaidi.

Ubongo wa mwanadamu hupelekeana habari kwa kumwaga chembechembe za kemikali kutoka mshipa mmoja wa fahamu hadi wa pili. Mojawapo ya kemikali hizo ni serotonini. Ikishamwagwa na ujumbe kufika, hufyonzwa irudi ilikotoka kupitia milango maalumu. Dawa kama sitalopramu, fluoksetini na paroksetini huiziba milango hiyo, na serotonini hubaki nje muda mrefu zaidi. Mgonjwa akitumia dawa kwa miezi na miaka, ubongo hujirekebisha uishi na hali hiyo mpya, kama fundi anayepanga upya vyombo vya karakana yake baada ya kuongezewa chumba. Ukikiondoa chumba kwa siku moja, vyombo havina pa kukaa. Umeme, kizunguzungu, ndoto, jasho, kichefuchefu, hasira na machozi yasiyo na sababu vyote ni kelele za kupanga upya.

Huo si uteja. Teja hukitamani kitu chake, hukiongeza siku hadi siku, huiba ili akipate, naye kikimfika hulewa. Hapana anayelewa kwa sitalopramu, na Shangazi hakuwa na hamu hata chembe ya kile kidonge. Alitamani umeme uishe tu. Mwili kuzoea na nafsi kutekwa ni mambo mawili mbalimbali. Bwana wa vikombe vitano hajaiba saa ya mtu akanunulie kahawa.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni geni kwa matabibu. Dawa za huzuni za aina ya sasa zilipatikana karibu kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walichangamka kupita kiasi cha watu waliokuwa wakingoja mauti. Miaka michache baadaye daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, aliijaribu imipramini kwa wagonjwa wenye jitimai, na mwaka 1957 akaandika kwamba imewafaa. Haukupita muda ila, kufika 1959, madaktari wengine walikwisha kuandika juu ya taabu za wagonjwa waliokatishwa imipramini kwa ghafla. Yaani habari ya kuacha ina umri karibu sawa na habari ya kuanza. Ila mauzo yalipopanda, hasa baada ya fluoksetini kuruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987, habari ya kuanza ilipigiwa tarumbeta, na ya kuacha ikawekwa katika maandishi madogo.

Kwa muda mrefu mwongozo rasmi wa madaktari wa Uingereza, ule wa mwaka 2004, ulisema kwamba taabu hizi kwa kawaida ni nyepesi na huisha zenyewe kwa muda wa juma moja hivi. Wagonjwa waliokuwa wakiumia kwa miezi waliambiwa, kwa kufuata mwongozo huo, kwamba ni maradhi yao ya zamani yamerudi. Wakarudishiwa dawa, pengine kwa kipimo cha juu zaidi. Mwaka 2019 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Maradhi ya Akili kilibadili msimamo wake, kikakiri kwamba kwa baadhi ya watu taabu huwa kali na ndefu. Mwongozo mpya wa 2022 nao ukaagiza dawa ipunguzwe kwa hatua, kwa mwendo anaouweza mgonjwa mwenyewe.

Ni watu wangapi hupatwa? Hapo wataalamu wangali wanavutana. Wako waliosema mwaka 2019 kwamba ni zaidi ya nusu ya wanaoacha. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walikusanya pamoja tafiti 79 zenye wagonjwa wapatao 21,000, wakaona kwamba katika kila 100 wanaoacha dawa, 31 hupata dalili. Lakini katika kila 100 waliokuwa wakimeza vidonge vitupu visivyo na dawa, nao wakaviacha, 17 walipata dalili vilevile. Hofu peke yake yaweza kumzungusha mtu kichwa! Ukiondoa hao, inabaki kwamba mtu mmoja katika kila sita au saba huumizwa na kuacha kwenyewe, na mmoja katika kila 35 huumizwa vikali. Tafiti nyingi za namna hiyo zilikuwa za watu waliotumia dawa kwa miezi, si kwa miaka minne kama Shangazi, na kwa maoni yangu hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo nawaomba wasomaji waishike hesabu hiyo kwa mikono miwili: wengi huacha pasi na misukosuko, na wanaoumia hawajizulii.

Turudi kwa Shangazi. Bintiye alimpeleka tena kwa daktari yule yule. Daktari alimwuliza maswali matatu tu. Taabu zilianza lini baada ya kidonge cha mwisho? Umeme huu wa kichwa, Mama, ulikuwa nao wakati ule ulipofiwa? Na umepata kusahau kidonge siku mbili tatu huko nyuma ukasikia kitu mfano wake? Maswali hayo ndiyo mizani. Maradhi ya jitimai yanaporudi, aghalabu huja polepole, baada ya majuma au miezi, nayo huja na sura yake ya zamani: moyo mzito, kukata tamaa, kutotaka watu. Taabu za kuacha huja baada ya siku chache, nazo huja na mageni ambayo jitimai haina, kama ule umeme na ule mrama. Tena dawa ikirudishwa, mageni hayo huondoka kwa siku moja hadi tatu, ilhali jitimai ya kweli hungoja majuma kabla ya kusikia dawa. Shangazi alirudishiwa miligramu zake 20 akazimeza baada ya kufuturu. Siku ya pili usiku umeme ulikatika. Hapo ndipo nyumba nzima ilipojua ugonjwa ulikuwa nini.

Lakini mizani hii ina hila yake. Fluoksetini hukaa mwilini kwa majuma, na aliyeiacha anaweza kuona taabu baada ya mwezi, akadhani hazihusiani na dawa. Paroksetini hutoka upesi mno, nusu yake ikiwa imekwisha kwa muda wa siku moja hivi, na hiyo na venlafaksini zina sifa mbaya kupita zote katika jambo hili. Mtu huweza kusahau dozi moja tu akaanza kuyumba. Ipo pia amitriptilini, dawa kongwe iliyomo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni tangu orodha ya kwanza ya 1977. Watu wengi huimeza kwa maumivu ya mishipa au kichwa cha kipandauso, wasijue kwamba asili yake ni dawa ya huzuni, nao wakiiacha ghafla hupatwa na kichefuchefu, jasho na ndoto mbaya.

Shangazi alitaka bado kuacha. Daktari hakumkatalia wala hakumharakisha. Alimwambia ukweli kwamba kuna hatari mbili na wala si moja. Uingereza ulifanywa utafiti, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2021, wa wagonjwa 478 waliotumia dawa muda mrefu na wakajiona wazima. Waliopunguziwa hadi wakaacha, 56 katika kila 100 walirudiwa na jitimai katika mwaka mmoja. Walioendelea na dawa, walirudiwa 39 katika kila 100. Kwa hiyo dawa hulinda, wala hailindi kila mtu. Na kuacha kuna hasara, wala hakumdhuru kila mtu. Aliyekwisha kuangushwa na jitimai mara tatu au nne pengine heri abaki na dawa yake kama mwenye sukari anavyobaki na yake, na asiwepo wa kumwonea haya. Shangazi aliangushwa mara moja, kwa msiba unaojulikana. Wakakubaliana wajaribu.

Sasa sikilizeni namna ya kushuka, kwani hapa ndipo wengi wanapovunjika mguu. Akili ya kawaida husema: 20, kisha 10, kisha 5, kisha basi. Daktari mmoja Mwaustralia, Mark Horowitz, ambaye yeye mwenyewe aliteswa na kuacha dawa ya namna hii, aliandika pamoja na David Taylor wa London mwaka 2019, wakionyesha kwa nini hesabu hiyo hudanganya. Miligramu 20 za sitalopramu huziba milango kama 80 katika kila 100. Ukishuka hadi miligramu 9 hivi, bado imezibwa 70. Kwenye 5 na kidogo ni 60. Kwenye 2 na kidogo ni 40. Hata miligramu moja isiyotimia huziba milango 20. Maana yake ni kwamba kutoka 20 hadi 10 hupotezi sana, ila kutoka 5 hadi sifuri umeanguka milango 60 kwa mkupuo mmoja.

Ni kama mtu anayetoka ufuoni maji yakiwa yametupwa. Hutembea mwendo mrefu juu ya mwamba, maji hayampiti vifundo, akasema bahari hii haina kina. Kisha mwamba humalizika mara moja. Aliyezoea bahari hupunguza hatua zake anapokaribia ukingo, na wanaoacha dawa nao hupaswa kufanya vivyo hivyo, hatua ndogo mwanzoni na ndogo zaidi mwishoni.

Taabu ni kwamba vidonge havitengenezwi vya robo miligramu. Uholanzi wamevumbua mikanda ya vijifuko vya dawa, kila siku na kijifuko chake, kipimo kikipungua kidogo kidogo. Kwetu hapa, kwa Shangazi, mfamasia alimtayarishia dawa ya maji kwa maagizo ya daktari, naye akawa akipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hilo si jambo la kujifanyia jikoni. Vipo vidonge na vifuko vilivyoundwa kuyeyuka polepole tumboni, na ukivivunja umeza dozi ya kutwa nzima kwa mara moja. Wala si vizuri kumeza leo na kuacha kesho kwa kudhani ndiyo kupunguza, kwani kwa dawa zinazotoka upesi ni sawa na kuacha na kuanza kila baada ya siku mbili, na ubongo haujui ushike lipi.

Shangazi alianza Mfungo Mosi, baada ya Idi, kwa sababu daktari hakutaka aanze ndani ya mwezi ambao usingizi wake umekatwa na daku. Alikuwa na daftari la shule la mistari, na kila usiku aliandika kipimo, usingizi, umeme kama upo, na idadi ya tundu alizoshona siku hiyo. Hili la mwisho alilizua mwenyewe, nami naliona kuwa ndilo lililokuwa kipimo bora kuliko vyote. Mfungo Mosi akashuka hadi 10, tundu hazikupungua. Mfungo Tatu akashuka hadi 5. Juma la kwanza tundu zilipungua nusu, juma la tatu zikarudi. Alijifunza kwamba taabu huja kama mawimbi, na kwamba wimbi likipita haimaanishi bahari imekauka, wala likija haimaanishi atazama.

Mfungo Sita alikwenda Lamu kwa Maulidi, akasahau chupa Mombasa. Siku ya tatu, katikati ya shangwe zote zile, alikuwa amelala chumbani kwa dada yake, ukuta ukimzunguka. Alirudi akakaa kwenye kipimo kile kile miezi miwili bila kushuka. Daktari alimwambia kukaa si kushindwa, na hata kupanda daraja moja nyuma si kushindwa. Ramadhani iliyofuata ilimkuta kwenye miligramu moja na nusu, akapumzika hapo mwezi mzima, akinywa dawa yake baada ya futari. Hakuna ulazima wa kugombanisha saumu na dawa; nyingi za dawa hizi hunywewa mara moja kwa siku, zaweza kuwekwa futari au daku kwa shauri la tabibu, na mgonjwa ambaye hawezi, dini imempa ruhusa yake iliyo wazi. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaojikatia dawa kila Ramadhani kimya kimya, kisha Idi ikawakuta kitandani.

Vilivyomsaidia zaidi ya chupa vilikuwa vitu vidogo. Alitembea kila jioni hadi ufuoni akarudi. Kahawa aliipunguza akaifanya kikombe kimoja cha asubuhi, kwani aligundua humwongezea mtetemeko. Alikataa kupika harusi ya jirani katika juma aliloshuka daraja, na hakuomba radhi. Zaidi ya yote, nyumba ilijua. Bintiye alijua kwamba akimwona analia juu ya sufuria asiulize "una nini", bali aushike mwiko. Na daktari aliwaeleza wote, mbele yake, kwamba Mama akisema siku yoyote kwamba hataki kuishi, au ana fikira za kujidhuru, siku hiyo hiyo aletwe hospitali wala asiachwe peke yake. Watu wetu huona vibaya kulitamka jambo hilo. Afadhali litamkwe.

Kisomo hakikukatika, makombe hayakukatika. Sioni ugomvi wowote baina ya kisomo na kidonge, na ugomvi nilioushuhudia mimi ulizushwa na watu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, mtaalamu wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na inayomjia mtu bila sababu anayoijua, ambayo asili yake alisema imo mwilini. Kila fungu alilitafutia tiba yake, maneno kwa moja na dawa kwa jingine. Ikiwa wakati ule mwanachuoni hakuona haya kuandika hivyo, sijui sisi twaona haya ya nini hata tufiche vidonge mitungini. Nasikia bado wako wanaodhani kila anayemwona daktari wa akili mwisho wake ni Mathari.

Neno moja pembeni kabla sijasahau. Yote niliyosema ni ya dawa za huzuni. Dawa za usingizi na za kutuliza hofu, kama diazepamu, ni jamii nyingine, na kuzikata ghafla baada ya kuzizoea huweza kumwangusha mtu kifafa. Huko usijaribu hata siku moja bila daktari.

Mfungo Tatu wa mwaka wa pili, miezi 14 baada ya kuanza, Shangazi alivuta tone la mwisho. Umeme mdogo ulimpitia kwa majuma matatu, ukafifia. Ni mwaka wa pili sasa. Hulia bado siku ya kumbukumbu ya mwanawe, nami nitamshangaa asipolia.

Katika miezi ile 14 alimaliza kofia mbili. Ya kwanza, aliyoishona kipimo kikiwa 10 na 5, aliiuza kwa bei nzuri. Ya pili ni ile ya miezi ya mwishoni, na ukiitazama kwa karibu utaona safu mbili zilizopinda, tundu moja kubwa na jingine dogo, hapo alipotoka Lamu. Hakutaka kuiuza. Asubuhi ya Idi alimwita yule kijana, akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Shika mwanangu, hii ndiyo arosto yangu." Kijana aliinamisha kichwa kwa haya asiweze kunena. Huivaa kila Ijumaa.